Rhapta: mji uliopotea pwani yetu. Uko Rufiji, Mafia, Pangani, au tunaukanyaga Mbagala?

Fundi Majokofu

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeuahirisha mara nyingi kwa sababu mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni kutengeneza friji, naishi Mbagala, na somo la historia niliagana nalo kidato cha nne nikiwa na D yangu mkononi. Ila jambo hili liko kichwani mwaka wa pili sasa. Mke wangu amechoka kulisikia, kwa hiyo nawaletea nyinyi.

Ilianza hivi. Niliitwa Mafia kutengeneza jokofu la mnunuzi wa pweza pale Kilindoni. Nimefika Nyamisati kupanda boti, maji yamekupwa, nahodha anasema tusubiri yajae. Pembeni yangu kulikuwa na mzee anasuka dema. Mimi nikiona mtu anafanya kazi ya mikono siwezi kutazama kwingine. Karibu saa nzima nimemwangalia anavyopitisha fito, anakaza, anapima mdomo wa dema kwa kiganja ili samaki aingie asitoke.

Kilindoni nikagundua kompresa imekufa kabisa. Ikabidi nyingine itumwe kutoka Kariakoo, siku 2 za kukaa bure. Nikaanza kusoma kwenye simu historia ya Mafia, kutoka hapo nikaangukia kwa mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika Kigiriki, katikati ya karne ya 1. Jina lake halijulikani. Aliandika mwongozo wa bandari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, watu wanauita Periplus. Akifika huku kwetu anataja kisiwa kinaitwa Menouthias: kimelala chini, kina miti mingi, kina mito, ndege na kobe. Watu wake wana mitumbwi ya gogo moja na mashua zilizoshonwa. Na kasa, anasema, wanawanasa kwa vikapu vya kusuka wanavyovitega kwenye milango ya maji.

Wakuu, hayo ni madema! Karibu miaka 2000 baadaye nimekaa Nyamisati natazama mtu anasuka kile kile. Nywele zilinisimama.

Sasa ndiyo tunafika kwenye fumbo. Anasema ukiondoka kisiwa hicho, mwendo wa siku 2 kwenye bara, unafika soko la mwisho kabisa la Azania, ndivyo walivyoiita pwani yetu. Linaitwa Rhapta. Jina linatokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya zile mashua. Pembe za ndovu zipo kwa wingi, na magamba ya kasa pia. Karibu karne moja baadaye Ptolemy wa Alexandria, mwanajiografia, naye akautaja, safari hii akauita mji mkuu, uko ndani kidogo kutoka baharini kwenye mto wenye jina hilo hilo.

Halafu basi. Kimya. Mji mkuu wa Azania haujapatikana hadi leo.

Naendelea, nakula kwanza.

---

Bisi Mkononi

Nimekaa siti ya dirishani. Fundi kula haraka.

---

Mtanga Orijino

Unajisumbua mkuu. Rhapta ni Pangani, hili lilishasemwa na Wazungu tangu enzi za mkoloni. Kuna mto, kuna bandari, kuna historia ya pembe za ndovu. Watu wa Dar mnataka kila kitu kiwe kwenu, hata mji uliopotea.

---

Fundi Majokofu

Mtanga, nakuja kwako. Kwanza nimalize ya bidhaa, maana hapo ndipo palinikamata.

Vilivyokuwa vinaletwa Rhapta: mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen, mahususi kwa soko la huku. Yaani kulikuwa na mhunzi Yemen anajua kabisa mteja wake wa Azania anapenda mkuki wa aina gani. Halafu mashoka madogo, visu, vitu vya kioo, na sindano nene za kutobolea. Wanahistoria wengi wanazipita hizo sindano, mimi nimesimama nazo. Ukiwa na watu wanaoshona mashua, unahitaji kutoboa mbao, matundu mamia kwa chombo kimoja. Hii ni tafsiri yangu ya kifundi, msininukuu chuoni.

Pia ilikuja divai na ngano kidogo, ambayo jamaa anasema wazi kwamba haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya kuwapoza wenyeji. Takrima hiyo, ilianza kabla ya vyama vingi.

Vilivyotoka: pembe za ndovu, ingawa anaziponda kwamba hazifikii zile za Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu, pembe za faru, na magamba ya ng'amba anayosema yanazidiwa na ya India tu. Wenyeji anasema ni warefu, wakubwa wa miili, kila mahali pana mkuu wake. Na manahodha Waarabu waliokuja walikuwa wanaijua pwani yote, wanaoa hapa, wanaijua lugha ya hapa.

Lugha gani? Hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Sasa hesabu. Anasema Menouthias iko stadia kama 300 kutoka bara. Stadia moja ukiifanya mita 185, unapata kilomita 55. Pemba iko kama 50 kutoka bara. Unguja kama 35. Mafia haifiki 25 ukipimia deltani. Hapo Pemba inaongoza. Kisha siku 2 za safari. Wengi wanaikadiria siku moja kuwa stadia 500, kwa hiyo siku 2 ni kilomita 185. Ukianzia ncha ya kusini ya Pemba unatua kati ya Kimbiji na Kisiju. Ukianzia Kizimkazi, kusini ya Unguja, unatua Rufiji, upande wa delta!

Na Ptolemy anaiweka Rhapta digrii 7 kusini ya ikweta. Dar es Salaam iko 6 na dakika 48. Mtanga, Pangani iko 5 na dakika 26. Ukitoka Pemba kwenda Pangani huhitaji siku 2, unahitaji upepo wa asubuhi tu.

---

Jembe na Brashi

Fundi, hongera kwa uzi, kweli umesoma. Mimi ni mwanafunzi wa akiolojia, niruhusu nikukwaruze kidogo.

Moja, urefu wa stadia wenyewe una mabishano. Mbili, hiyo stadia 500 kwa siku umeichagua kwa sababu imekupeleka unakotaka kwenda. Mwandishi mara nyingine anahesabu mwendo wa mchana, mara nyingine mchana na usiku. Ukihesabu mchana na usiku, stadia 1000, basi kutoka Pemba siku 2 zinakutupa karibu na Kilwa. Tatu, digrii za Ptolemy usizishike kama ramani ya simu. Aliiona dunia ndogo kuliko ilivyo: Eratosthenes, msomi wa Kigiriki aliyemtangulia, alishasema digrii moja ni stadia 700, yeye akatumia 500. Na habari zake za huku hakuzipata mwenyewe, alizisikia kwa mwanajiografia mwenzake, Marinus wa Tyre, aliyezisikia kwa mabaharia.

Kwa hiyo ramani ya kale inatupa eneo la kutafutia, kutoka Dar hadi kusini ya Rufiji. Haitupi kiwanja.

---

Fundi Majokofu

Nimekwaruzwa kweli. Nakiri ile 500 niliipenda ghafla.

---

Kasa wa Kilindoni

Mnabishana hesabu wakati mji umeshaonekana. Mwaka 2016 habari ilizagaa dunia nzima, wapiga mbizi wameona kuta chini ya bahari huku Mafia. Mawe ya mraba, yamepangwa mstari, marefu. Mimi mwenyewe nimezamia sehemu zetu hizi, yapo mahali chini yamekatika kama tofali. Nani alikata? Pweza?

---

Bisi Mkononi

Pweza ana mikono minane, kazi ingeisha mapema.

---

Jembe na Brashi

Kasa, sikuzomei, mawe hayo nayaamini. Ninachouliza ni aliyeyakata.

Kwenye fukwe za joto kama zetu, mchanga ulio kati ya maji kupwa na maji kujaa hushikana na kuwa mwamba. Maji ya bahari yana kalisi. Yakikauka na kurudi, yakikauka na kurudi, ile kalisi inakuwa gundi kati ya punje za mchanga. Kazi hiyo haihitaji mamilioni ya miaka, mara nyingine miaka michache inatosha, kuna fukwe ambako chupa za soda zimekutwa zimegandia ndani ya mwamba. Ukishakuwa mgumu, mwamba huo hupasuka. Na hupasuka kwa mistari iliyonyooka, ufa mmoja sambamba na ufuo, mwingine unaukata. Matokeo yake ni mabamba ya mraba yaliyolala mstari mrefu, ukiapa kuna fundi aliyapanga kwa kamba. Kule Bahamas, Bimini, yalionekana ya aina hiyo mwaka 1968, watu wakatangaza ni barabara ya Atlantis, ule mji wa hadithi uliozama baharini. Wanajiolojia wakatoboa, wakakuta ni mwamba wa ufuo.

Sisemi kila jiwe la Mafia ni hivyo. Mafia ina magofu ya kweli, Kua pale Juani, Kisimani, hayo hayana ubishi. Ila ya Kua ni ya karne nyingi sana baada ya Rhapta.

Kuna jambo lingine dogo linaloua hoja ya mji wa mawe chini ya bahari: kina. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa kama mita 120, lakini ilishapanda kitambo. Katika hii miaka 2000 haijapanda kiasi cha kuzamisha mji. Kama Rhapta imeingia majini, basi ardhi imeliwa, kama tulivyoona Kunduchi bahari ikila ufuo mbele ya macho yetu. Na ufuo ukiliwa, kuta hazibaki zimesimama vizuri chini zinakungoja wewe na chupa yako ya hewa.

---

Fundi Majokofu

Naomba niongeze hapo, maana Jembe amegusa nilipotaka kufika.

Hivi ni nani aliyetuambia Rhapta ilikuwa ya mawe? Nimesoma na kurudia, hakuna mahali yule Mgiriki ametaja ukuta, lango wala mnara. Hana hata neno moja juu ya nyumba. Mawe tumeyaingiza sisi, kwa sababu tumeenda Kilwa na Kaole na tumepiga picha Kunduchi kwenye makaburi yenye minara, tukadhani mji wa kale wa pwani lazima uwe matumbawe na chokaa. Lakini ujenzi huo pwani yetu unaanza kuonekana karibu na karne ya 10 na ya 11. Nyuma ya hapo watu walijenga kwa miti, udongo na makuti. Rhapta ina miaka 900 zaidi!

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba ya udongo na fito, Mkuranga. Alipofariki mwaka 2004 hakuna aliyebaki kuikandika. Mwaka 2010 nilikwenda, nikaonyeshwa mwembe tu. Nyumba niliyolala utotoni sikuweza kuona hata msingi wake. Miaka 6! Sasa weka 1900, weka mafuriko, weka mchwa.

Watu wa mitandaoni wanatafuta Atlantis ya Waswahili. Mimi nadhani tunatafuta kijiji kikubwa sana cha makuti kilichokuwa tajiri. Utajiri wake ulikuwa kwenye pembe, magamba na mashua, vitu vinavyooza au vinavyosafirishwa vikaisha.

---

Mtanga Orijino

Sasa kama hakuna kitu cha kuona, kwa nini Pangani ikataliwe? Nyumba za makuti zilikuwepo Pangani pia.

---

Fundi Majokofu

Hapo umenibana kaka. Pangani sijaifuta, nimeisogeza nyuma ya foleni. Nipe Menouthias nyingine iliyo kaskazini ya Pangani kwa siku 2 nami nitapanda basi la Tanga kesho.

---

Mndengereko Halisi

Salaam wakuu. Nimeona Rufiji inatajwa, nimeshindwa kunyamaza.

Mnaoitafuta Rhapta kwa ramani za leo mnakosea jambo moja: delta haikai mahali pamoja. Mimi kwetu ni huko. Wazee wetu wanakuonyesha mkono wa mto ambao leo ni mfereji wa kaa, wanakwambia hapa zamani ndiyo njia kuu, jahazi lilipita. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi yalihamia matawi ya kaskazini. Waliokuwa na mashamba ya mpunga kusini wakakuta maji ya chumvi yanawafuata shambani. Hayo ni ndani ya umri wa mtu mmoja. Mto ukifurika unaleta tope, tope likikaa mikoko inashika, mikoko ikishika bahari inarudi nyuma. Pahali palipokuwa bandari pakawa porini, na bandari mpya ikafunguka kwingine.

Na kama mnadhani delta ni mahali pa kutembea na kuangalia angalia, someni habari ya manowari ya Wajerumani, Königsberg. Chuma tupu, urefu mita 115, ina mabomba ya moshi matatu. Septemba 1914 ilipiga meli ya Waingereza pale Zanzibar, ikaingia Rufiji kujificha. Waingereza wenye bahari yote hii wakaitafuta wiki kadhaa. Walipoipata bado hawakuifikia, ikabidi zije ndege, zikaja meli maalumu zisizozama sana kwenye kina kifupi, ndipo Julai 1915 ikamalizwa. Miezi mingi, na wao wanajua wanatafuta nini! Nyinyi mnatafuta makuti ya miaka 1900.

---

Bisi Mkononi

Hii hoja ya manowari imeniua. Nimeweka bisi chini.

---

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nawasoma tangu jana kwa raha. Niongeze kimoja kuhusu huyo Ptolemy mnayemdharau.

Katika habari alizopewa kulikuwa na baharia aitwaye Diogenes, aliyesukumwa na upepo kutoka njia ya India akaangukia pwani hii, siku 25, akafika karibu na Rhapta. Aliporudi kwao pakaandikwa kwamba ndani ya nchi hii kuna maziwa yanayotoa Nile, na Ptolemy akaongeza milima yenye theluji inayoyalisha. Sasa, mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro una theluji, akaandika Ulaya. Wasomi wa London wakamcheka, theluji kwenye ikweta! Miaka 1700 baada ya mabaharia wa Rhapta kulisikia jambo lile lile.

Kilichonifikirisha ni hiki: Diogenes hakupanda mlima, alisimuliwa pwani. Na aliyemsimulia alisimuliwa na mtu wa bara aliyeshuka na pembe za ndovu. Maana yake njia za kwenda ndani zilikuwepo, na watu walikuwa wanakaa wanaongea.

---

Fundi Majokofu

Shikamoo Mwalimu. Hili la mazungumzo sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa nahesabu pembe tu.

---

Kasa wa Kilindoni

Sawa, tuseme si mawe. Basi mtaitambuaje mkiikuta? Kila mahali kuna vigae vya vyungu.

---

Jembe na Brashi

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, Kasa.

Utaitambua kwa takataka zake. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari ya shanga za kioo za Kirumi kutoka Mkukutu, eneo la Kibiti. Shanga ndogo, unaweza kuzipoteza kwenye kiganja. Zilikuwa pamoja na vyungu vya watu wa mwanzo wa zama za chuma, wakulima na wafua chuma, ambao vyungu vyao vinatambulika kwa mapambo ya kuchorwa shingoni.

Kwa nini kioo ni ushahidi mzuri? Kwa sababu kioo kina kumbukumbu. Ukiyeyusha mchanga unahitaji kitu cha kuushusha joto la kuyeyuka. Warumi walitumia magadi kutoka jangwa la Misri. Baadaye, kuanzia karne ya 8 au ya 9, watengenezaji wa Mashariki ya Kati wakahamia kwenye majivu ya mimea. Majivu yanaacha potasi na magnesi nyingi ndani ya kioo, magadi hayaachi. Kioo cha India kina alumini nyingi. Kwa hiyo ushanga mmoja ukiupima kwa mashine bila kuuvunja unajua jiko lake lilikuwa upande gani wa dunia na takribani zama gani. Hata ukiwa umepita mikono 20.

Na hapo ndipo wanaopinga wanaposimama: umepita mikono mingapi? Ushanga unatembea. Unaweza kushuka meli Rhapta ukaenda Kibiti kwa harusi. Shanga za Kibiti zinasema watu wa huku waliguswa na biashara ile. Hazisemi mji ulikuwa hapo hapo. Mimi kwa maoni yangu Rufiji inaongoza, ila sitasaini.

---

Mtanga Orijino

Na hao Waarabu waliooa huku? Si vinasaba vingeonyesha?

---

Jembe na Brashi

Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi kutoka makaburi ya miji ya pwani, Kilwa ikiwemo. Ulionyesha mchanganyiko wa mama wa Kiafrika na baba wengi wa Kiajemi ukianzia karibu na mwaka 1000. Lakini mifupa hiyo ni ya kati ya miaka ya 1250 na 1800. Waliooa Rhapta waliutangulia hata mchanganyiko huo kwa karne 9, na mfupa wao hatunao. Tope la mikoko na udongo wetu wenye asidi haviwi na huruma na mifupa.

---

Fundi Majokofu

Nimerudi. Leo nilikuwa na kazi mjini, nikapita Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na begi langu la spana mgongoni. Nimetembea polepole kuliko siku zote. Nilijikuta mbele ya vigae vya vyungu ambavyo wanafunzi wote wanavipita mbio kwenda kuangalia fuvu la mtu wa kale na magari ya marais. Nilisimama mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa.

Jambo moja limenijia nikiwa kwenye daladala. Tunatafuta jina ambalo wenyeji hawakuwahi kulitumia. Rhapta ni Kigiriki. Ni kama mgeni ashuke bandarini kwetu aone bodaboda, arudi kwao aandike kwamba amefika mji wa Pikipiki. Halafu miaka 2000 baadaye wajukuu zake wanauliza, Pikipiki iko wapi? Kuna watu nimeona wanahangaika kutafuta kijiji chenye jina linalofanana na Rhapta. Hakitakuwepo. Angalieni hapa hapa Dar: kabla Sultani Majid hajaanza kujenga miaka ya 1860, hapa paliitwa Mzizima. Miaka 160 tu, na leo Mzizima ni jina la vibao vya shule na maduka. Muulize kijana wa Kariakoo Mzizima ilikuwa wapi, atakuelekeza kituo cha basi.

Mashua zenyewe zilizompa Mgiriki jina hilo ndizo zilizodumu kuliko mji. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi, tanga la mkeka, bila msumari hata mmoja, na pwani hii watu walikuwa bado wanaushona mpaka karne ya 20. Nilikuwa najiuliza kwa nini ung'ang'anie kushona wakati msumari upo. Fundi seremala mmoja wa majahazi pale Kunduchi akanijibu bila kuinua kichwa: mashua ya msumari ikigonga mwamba inavunjika, ya kushonwa inapinda. Na kamba ikioza unashona upya, mbao zile zile.

---

Mndengereko Halisi

Jembe, hilo la takataka limenikumbusha kitu, sijui kama kina maana.

Shamba la bibi yangu liko juu kidogo, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka maji yanakofika siku za bamvua. Tukilima mihogo tunatoa vigae vya vyungu tangu niko mdogo. Tulikuwa tunachezea, tunavirusha kwenye maji vinadunda. Na kuna sehemu mihogo haistawi kabisa, ardhi imejaa mawe meusi mazito yenye matundu kama sponji. Bibi anayaita mavi ya chuma. Anasema aliyakuta, na mama yake aliyakuta.

---

Jembe na Brashi

MNDENGEREKO. Simama hapo hapo.

Mavi ya chuma ndiyo jina lake halisi, hayo ni makapi ya tanuri la kuyeyushia chuma. Yanaweza kuwa ya miaka 200, yanaweza kuwa ya 2000, kwa kuyaangalia tu siwezi kujua. Vigae ndivyo vitakavyosema.

Usichimbe. Usioshe kitu. Usihamishe. Vile vilivyo juu ya ardhi vipige picha vilivyolala, weka sarafu ya shilingi 200 pembeni tujue ukubwa. Tafuta vile vya mdomo wa chungu na shingo, siyo tumbo. Tumbo la chungu halina habari. Angalia kama shingoni kuna michoro ya mistari ya kukwaruzwa, ya mlalo au iliyopishana. Ramani ya mahali usiiweke hapa hadharani, wachimba dhahabu ya Mjerumani watahamia shambani kwa bibi usiku huu huu. Nitumie kwa faragha, tupeleke taarifa Idara ya Mambo ya Kale kwa utaratibu. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na si ya mchezo.

---

Kasa wa Kilindoni

Yaani miaka yote mmevirusha majini vinadunda.

---

Mndengereko Halisi

Vilikuwa vinadunda vizuri sana, kaka. Mara tano, mara sita.

---

Fundi Majokofu

Mndengereko, kuna michoro shingoni au hakuna? Nimeacha friji ya mteja imefunguliwa nakusubiri.

---

Mndengereko Halisi

Niko Dar, Tandika. Nimempigia binamu yangu yuko shambani, amevikuta vitatu vya shingo. Anasema kimoja kina mistari, imelala pembeni kama mvua ya upepo. Picha zinakataa kutoka, mpaka apande kwenye kichuguu ndipo anapata mtandao, na giza limeshaingia.

---

Fundi Majokofu

Mwambie asiguse kitu. Kesho Ijumaa, basi la kwanza la Kibiti linatoka Mbagala Rangi Tatu saa ngapi?